Stelingi ni nani? Mwanamke katika sinema za mapigano



Sisi mafrateri tunapokwenda likizo katika maparokia yetu ya Tanga, Muheza, Pangani na Korogwe, tunakuta mjadala mmoja ambao vijana hawauchoki. Wengine wanasema kwamba siku hizi sinema za mapigano zimempandisha hadhi mwanamke: zamani alipiga kelele na kusubiri kuokolewa, sasa anashika bunduki na kuwaangusha wanaume kumi peke yake. Wengine wanajibu kwamba hakuna kilichopanda, ila mavazi yamebadilika. Makala hii inataka kuusaidia mjadala huo kwa falsafa kidogo tunayojifunza darasani. Hatuandiki ili kumkataza mtu kutazama sinema. Sisi wenyewe tunazitazama. Tunaandika ili tujue tunatazama nini.

Sinema na pwani yetu

Watu wa pwani ya kaskazini ni watazamaji wa siku nyingi. Mji wa Tanga ulikuwa na majumba ya sinema tangu enzi za Waingereza, na jina la Majestic bado wazee wanalikumbuka. Majumba yale yalipofifia, nafasi yake ilichukuliwa na mikanda ya video, kisha DVD, na pamoja nazo vibanda umiza: chumba cha mabati, mabenchi yaliyobanana, televisheni moja, na kiingilio ambacho hata mpiga debe anakimudu. Leo kijana hurushiwa filamu nzima kwenye simu na kuitazama akiwa juu ya bodaboda akisubiri abiria.

Nyingi ya filamu hizo hazituambii kitu kwa sauti yake yenyewe. Huja na sauti ya DJ, msimulizi anayezitafsiri kwa Kiswahili, anayeeleza, anayetania na kuongeza chumvi. Marehemu Lufufu wa Dar es Salaam ni mmoja wa waliotangulia kuijulisha kazi hiyo hapa nchini, na baada yake wamekuja wengi.

Kibanda kina lugha yake. Mhusika mkuu ni stelingi. Mpinzani wake ni adui. Mwanamke, mara nyingi, ni "demu wa stelingi". Tulitazame jina hilo la tatu. Stelingi na adui wanasimama peke yao, lakini mwanamke amefungwa kwa kile kiunganishi "wa", ambacho katika Kiswahili huonyesha kitu ni cha nani. Hata kabla filamu haijaanza, jina lenyewe limeshatuambia yeye ni wa mtu fulani. Swali letu lote limo humo.

Kwa nini tujali

Mtu anaweza kusema: "Frateri, hiyo ni burudani tu." Ni kweli kwamba hakuna anayetoka kibandani na kwenda kurusha bomu. Lakini Aristotle alifundisha kwamba tabia hujengwa kwa kurudia, na kwamba ni jambo kubwa tangu utotoni kuzoezwa kufurahi na kuchukia inavyopasa. Tunachokizoea machoni hakitulazimishi kutenda; hutufundisha tu kipi ni cha kawaida na kipi ni cha kushangaza.

Na hapa kwetu suala la kipi ni cha kawaida si la mchezo. Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania wa 2015–16 ulionyesha kwamba wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wakiwa na miaka 15. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba asilimia 58 ya wanawake waliohojiwa, na asilimia 40 ya wanaume, waliona kuna angalau sababu moja inayohalalisha mume kumpiga mke. Hatusemi kwamba sinema ndiyo chanzo. Watu walipiga wake zao kabla umeme haujafika Tanga. Tunasema kwamba jamii yenye jeraha hili inapaswa kuwa makini na picha inazojilisha kila jioni.

Kauli ya kutendwa

Wote tuliopita sekondari tulifundishwa kauli za vitenzi. Kuna kauli ya kutenda: anapiga, anaokoa, anaamua. Kuna kauli ya kutendwa: anapigwa, anaokolewa, anaamuliwa. Ukizipanga filamu za mapigano zilizopendwa sana katika miaka arobaini iliyopita, utaona kwamba mwanamke ameishi zaidi katika kauli ya pili.

Katika Commando ya mwaka 1985, binti wa Arnold Schwarzenegger anatekwa, na filamu nzima ni baba kumfuata. Katika Taken ya mwaka 2008, binti wa Liam Neeson anatekwa Paris, na hadithi ni ileile. Katika Braveheart ya 1995 na Gladiator ya 2000, mke wa stelingi anauawa mapema ili mume apate sababu ya kupigana kwa muda uliobaki. Kifo chake kinafanya kazi ya mafuta ya taa: kinamwagwa ili moto wa mwanaume uwake. Baada ya hapo hatumjui tena, ila katika ndoto na kumbukumbu za mume.

Mfano unaotufundisha zaidi ni wa Rambo ya pili, ya mwaka 1985, ambayo baba zetu wanaijua kwa moyo. Humo yumo Co Bao, mwanamke wa Vietnam anayemwongoza Rambo porini. Ni jasiri, anaijua nchi, anaingia katika kambi ya adui na kusaidia kumtoa Rambo aliyekamatwa. Ana ndoto yake mwenyewe ya kwenda kuishi Marekani. Kwa kitambo kifupi yuko katika kauli ya kutenda kabisa. Kisha wanabusiana, na muda mfupi baadaye anapigwa risasi na kufa. Rambo anamzika, anachukua mkufu wake na kuuvaa shingoni. Mtu aliyekuwa na safari yake amegeuzwa kuwa kidani katika safari ya mwingine.

Nafasi ya pili ni ya pambo. Filamu za James Bond, tangu Dr. No ya mwaka 1962, zilituzoeza mwanamke anayetokea ili atazamwe. Mwaka 1975 mwanazuoni Mwingereza Laura Mulvey aliandika makala iliyopata sifa kubwa, akionyesha kwamba katika sinema za Hollywood mwanaume ndiye mwenye kutazama na mwanamke ndiye mwenye kutazamwa, na kwamba kamera yenyewe imekaa upande wa mwanaume. Ukitaka kuhakikisha, fuatilia kamera inapoanzia stelingi anapoingia chumbani, kisha ufuatilie inapoanzia mwanamke anapoingia. Kwa stelingi huanzia usoni. Kwa mwanamke mara nyingi huanzia miguuni na kupanda polepole.

Bunduki haitoshi

Ndipo wanakuja wale vijana wa upande wa kwanza na kusema: hayo ni ya zamani, sasa mwanamke anapigana. Ni kweli, na si jambo la jana. Huko Bombay, mwaka 1935, filamu ya Hunterwali ilimfanya mwigizaji aliyeitwa Nadia kuwa nyota kwa upanda farasi na mjeledi. Huko Hong Kong, mwaka 1985, Michelle Yeoh na Cynthia Rothrock walipigana bega kwa bega katika Yes, Madam.

Lakini kupigana peke yake hakumtoi mtu katika kauli ya kutendwa. Kiswahili kina kauli nyingine tena, ya kutendeshwa: mtu anafanya, ila anafanyishwa. Mwanamke anaweza kuua maadui hamsini kwenye filamu huku amevalishwa nguo ambayo hakuna askari angeivaa vitani, huku kamera ikipita mwilini mwake kama mnunuzi sokoni, na huku kila pigo lake likiwa kwa ajili ya mpango wa mwanaume aliyeketi ofisini. Huyo anatendeshwa. Bunduki imebadilika kuwa pambo jingine.

Kwa hiyo tunahitaji kipimo kingine, na hapa falsafa inatusaidia.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anaeleza kwa nini kiumbe mwenye akili anapewa jina la pekee, yaani nafsi. Sababu yake ni kwamba viumbe wengine zaidi hutendwa kuliko kutenda, lakini mwenye akili ana mamlaka juu ya matendo yake; anatenda yeye mwenyewe. Thomas hasemi kwamba nafsi ni mwenye nguvu za mikono. Anasema ni mwenye kuyamiliki matendo yake.

Karne nyingi baadaye, Karol Wojtyła, aliyekuja kuwa Papa Yohane Paulo II, alitoa mwaka 1960 kitabu kuhusu upendo na uwajibikaji. Humo anafundisha kwamba nafsi haipaswi kamwe kutumiwa kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Tendo pekee linaloistahili ni upendo. Akiwa Papa alirudia hoja ya hadhi ya mwanamke katika barua Mulieris Dignitatem ya mwaka 1988.

Ukiwaunganisha walimu hawa wawili, unapata swali moja la kuuliza mbele ya filamu yoyote: je, mwanamke huyu anaamua? Usianze kuuliza kama anapiga. Uliza kama kuna jambo linalotokea kwa sababu yeye alipima, akachagua, na akabeba matokeo. Na uliza kama ana lengo ambalo lingebaki lake hata stelingi asingekuwepo.

Wanaoamua

Kwa kipimo hiki hesabu yetu inabadilika. Katika Alien ya mwaka 1979, nguvu za Ripley hazianzii kwenye silaha. Zinaanzia mlangoni, pale wenzake wanapomleta majeruhi ndani ya chombo na yeye anakataa kufungua kwa sababu kanuni ya karantini inakataza. Anapuuzwa, mlango unafunguliwa na mwingine, na balaa lote linafuata. Hapo hajarusha hata risasi moja, lakini ni yeye aliyefikiri. Inajulikana pia kwamba wahusika wa filamu hiyo waliandikwa kwa namna ambayo kila nafasi ingeweza kuigizwa na mwanaume au mwanamke. Huenda ndiyo maana waandishi hawakupata nafasi ya kumfanya demu wa mtu.

Katika Black Panther ya mwaka 2018, iliyojaza kumbi na vibanda Afrika nzima, Okoye, jemadari anayeigizwa na Danai Gurira, anabanwa kati ya utii kwa kiti cha enzi na dhamiri yake. Vita vinapofika anamkabili mwanaume anayempenda, na anachagua nchi. Mwanaume ndiye anayepiga magoti. Tukio hilo halina nguvu kwa sababu ya mkuki. Lina nguvu kwa sababu tunajua unamgharimu nini.

Na katika The Woman King ya mwaka 2022, Viola Davis ni Nanisca, kiongozi wa mashujaa wanawake wa Dahomey, katika nchi tunayoiita leo Benin. Karibu na mwisho anakwenda kuwakomboa mateka kinyume cha amri ya mfalme wake. Filamu hii haina budi kutazamwa kwa macho mawili, kwa maana ufalme wa Dahomey katika historia ulinufaika sana na biashara ya watumwa, na filamu imelipunguza jambo hilo makali. Sisi ambao misafara ya watumwa ilishuka hadi bandari yetu ya Pangani hatuwezi kulipita kimya. Mwanamke kuwa mwamuzi hakumfanyi kuwa mwema. Kunamfanya awe mtu kamili, anayeweza kusifiwa na kulaumiwa. Hiyo ndiyo hadhi.

Sisi Wakatoliki tunayo hadithi ya namna hii katika Biblia yetu, nayo ni ya zamani kuliko Hollywood. Katika Kitabu cha Yudithi, mji wa Betulia umezingirwa na wazee wamekwisha kuahidi kuusalimisha baada ya siku tano. Yudithi, mjane, anawaita wazee kwake, anawakemea kwa kumwekea Mungu muda, anasali, kisha anatoka langoni na mjakazi wake akiwa na mpango ambao hakuwaambia. Ndiyo, uzuri wake unatazamwa na majeshi. Lakini ni yeye anayejua kwa nini, na Holoferne ndiye asiyejua.

Sauti ya DJ

Kuna jambo moja ambalo wanazuoni wa Ulaya hawakulazimika kulifikiri, nasi tunalazimika. Hapa kwetu mwanamke wa kwenye filamu hupita mikononi mwa mtu wa pili kabla hajatufikia. Msimulizi, ambaye kwa kawaida ni mwanaume, ndiye anayesema kwa Kiswahili alichosema mwanamke. Mwanasayansi anayeeleza hatari kwa utulivu anaweza kugeuka mbea. Askari anaweza kuitwa mrembo kila anapotokea. Kipigo kwa mke kinaweza kusindikizwa na utani na ukumbi ukacheka.

Hatuwalaumu wasimulizi. Kazi yao ni sanaa halisi, na bila wao wengi wasingeelewa kitu. Ila sanaa hiyo ina uwezo wa kwenda pande zote mbili. Msimulizi anayempa mwanamke maneno yake kamili, bila kumkata kwa kejeli, anafanya kazi ya haki bila kumgharimu senti. Tunatamani siku moja tusikie pia wanawake wengi zaidi wakisimulia.

Tuliyonayo nyumbani

Pwani yetu haina haja ya kusubiri Marekani itufundishe. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa kijijini Fumba, Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo. Mwandishi mkubwa wa kiume alikaa chini na kuyachukua maisha ya mwanamke kuwa habari yenyewe, si kipande cha habari ya mwanaume.

Siti huyohuyo anakumbukwa kwa wimbo wa Kijiti, unaohusu mwanaume aliyemuua mwanamke mgeni Unguja kisha akakimbia. Linganisheni na Gladiator. Katika wimbo huo kifo cha mwanamke hakimwashi shujaa yeyote. Ndicho shauri lenyewe. Kilichobaki masikioni mwa watu ni jina la mkosaji na kilio cha haki.

Ukivuka mpaka wa Horohoro na kupanda kaskazini ya Mombasa, utafika kwa Wagiriama, ndugu wa Wadigo wetu wa Mkinga na Tanga katika makabila tisa ya Mijikenda. Huko mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu, akawahimiza kula kiapo cha kuwakatalia Waingereza vijana wa kazi na kodi. Alikamatwa, akapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwaka 1914 alitoroka na kurudi kwao kwa miguu, mamia ya kilomita. Hapo pana msako, gereza, kutoroka na safari ya porini: kila kitu kinachohitajika katika sinema ya mapigano, na stelingi ni mwanamke wa makamo.

Neno moja juu ya kuvumilia

Hapa tunaomba umakini. Mtakatifu Thomas anafundisha kwamba fadhila ya nguvu ina matendo mawili, kushambulia na kustahimili, na kwamba kustahimili ndiko kukubwa zaidi. Sinema za mapigano zinajua tendo la kwanza tu, ndiyo maana hazimwoni mama anayeuza samaki Deep Sea tangu alfajiri ili kusomesha watoto watatu. Huyo ni shujaa kwa maana ya Thomas.

Lakini mafundisho haya yakinukuliwa vibaya yanakuwa fimbo. Wanawake wengi wameambiwa "vumilia, mwanangu" wakiwa na uvimbe usoni. Thomas hasemi hivyo. Kwake nguvu bila haki si fadhila. Kustahimili ni kushikamana na lililo jema bila kuvunjwa na hofu. Si kumwachia mkosaji aendelee. Mwanamke anayekwenda Dawati la Jinsia na Watoto kituoni, akijua ukoo utamsema, yuko katika kauli ya kutenda. Naye anahitaji nguvu kuliko mtu yeyote kwenye skrini.

Hata mwanaume anapotezwa na sinema hizi: stelingi haruhusiwi kulia, kuogopa wala kuomba msamaha, na maadui wake hufa kwa mamia bila jina. Filamu inayomfanya mwanamke kitu haikawii kumfanya na mwanaume mashine.

Maswali ya kujadili

Tunapendekeza vikundi vya vijana, ikiwezekana pamoja na kina mama wa WAWATA, watazame filamu moja ya mapigano kisha wajibu maswali haya:

1. Taja jambo moja lililotokea kwa sababu mwanamke aliamua. Kama halipo, je, filamu ingebadilika angekuwa sanduku la dhahabu badala ya mtu?
2. Mchoraji wa katuni wa Marekani, Alison Bechdel, alitoa mwaka 1985 kipimo chepesi: je, kuna wanawake wawili wanaozungumza wao kwa wao juu ya jambo lisilo mwanaume? Filamu yenu imefaulu?
3. Kama mwanamke amekufa, nani alimlilia, na kwa muda gani?
4. Msimulizi alimwitaje mwanamke: kwa jina lake, au kwa jina la aliye wake?
5. Ni nani mtaani kwetu ambaye hadithi yake ingestahili kuwa filamu?

Swali la mwisho msilipite haraka. Siku hizi simu inayopokea filamu inaweza pia kuipiga. Kijana wa Makorora au Chumbageni mwenye simu na wenzake watano anaweza kuanza hadithi mpya wiki hii. Tunamwomba jambo moja tu: akimwandika mwanamke, ampe kwanza jina, kisha ampe jambo la kuamua. Mapigano yatafuata yenyewe.